Sindano za Taya la Mzee Anosisye

Mzee Anosisye wa Kawetele, Tukuyu, alipoteza meno mawili ya mbele kwa teke la ng'ombe wake mwenyewe. Meno ya kuvua na kuvaa hakuyataka. Alitaka ya kupandikizwa. Daktari wa meno kule Mbeya akampiga picha, akaguna.

"Mfupa wa taya ni mwembamba, mzee. Jino halitashika. Kwanza utajichoma sindano za kujenga mfupa, moja kila siku."

Dawa ilitakiwa kukaa kwenye ubaridi, na friji ya karibu ilikuwa dukani kwa Esnath. Basi kila asubuhi mzee alikwenda pale, akachomoa sindano yake katikati ya chupa za soda, akajichoma pajani huku wateja wakitazama. Wiki ya tatu Amoni, fundi baiskeli, akashindwa kuvumilia.

"Mzee, unachoma pajani. Dawa itajuaje kama inatakiwa mdomoni?"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka.

Jumapili alivaa suruali ya kanisani, akatazama chini, akaona vifundo vya miguu vyote viwili viko nje. Mahubiri yote yalimpita. Kesho yake akamchukua mkewe Tupokigwe bila kumweleza kitu, wakaenda Mbeya.

"Daktari, simamisha dawa. Ninarefuka!"

"Unarefuka?"

"Na miaka yangu sitini na minane! Nikiendelea hivi nitaingia kwangu kwa magoti." Akasimama, akaonyesha suruali.

Daktari akampima. Urefu ulikuwa uleule. Tupokigwe akakohoa.

"Baba Lusungu, hiyo suruali niliipunguza mimi. Ilikuwa inafagia matope."

"Lini?"

"Ijumaa. Nikakuambia. Ukanishukuru, 'ndaga', ukaendelea kunywa chai."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaeleza kwamba dawa hupita kwenye damu na kuimarisha mifupa yote, ila mtu mzima haimrefushi hata kidogo.

"Na ya masikio hamna?" akauliza Tupokigwe.

Miezi ikapita. Picha mpya ikaonyesha mfupa umenenepa. Meno yakapandikizwa, yakashika. Siku aliyoruhusiwa kula chochote, mzee alinunua hindi la kuchoma stendi, akalitafuna lote njia nzima mpaka Tukuyu. Tupokigwe aliambulia gunzi.