Fomu ya Uzembe

Sindano ilipita kwenye ukucha wa kidole cha shahada, ikatokea upande wa pili, ikakatika. Mama Pacha alizima mashine ya kushonea kwa mkono wa kushoto, akabaki anakitazama kidole kilichoshonwa pamoja na kola ya shati.

Msimamizi wa kiwanda alifika mbio. Akaishika kola, akaigeuzageuza kwenye mwanga. "Imeingia doa," alisema. Gari la kubeba mashati lilikuwa linakuja saa tisa. Ndipo alipomwangalia mwenye kidole.

Jirani yake wa mashine, mwanamke anayetania hata msibani, ndiye aliyekata nyuzi na kuchomoa kipande cha sindano kwa koleo. Leo hakutania. Sanduku la huduma ya kwanza lilipofunguliwa, ndani mlikuwa na sukari ya chai ya ofisini, vijiko viwili na mende aliyekauka. Kidole kikafungwa kwa kipande cha bitana.

Ofisini, msimamizi alimsogezea fomu iliyokwisha kujazwa. Chanzo cha ajali: uzembe wa mfanyakazi. Kwa sauti ya upole akamweleza kwamba ni sahihi tu, kisha aende zahanati. Bila fomu, mlinzi hamfungulii geti.

Mama Pacha aliisoma mara mbili. Kinga za sindano, vile vyuma vya kuzuia vidole, zilikuwa kwenye droo ya meza iliyokuwa mbele yake. Msimamizi mwenyewe alizing'oa mwezi uliopita, mashine baada ya mashine, akidai zinachelewesha kazi.

"Fungua droo," alisema.

"Droo ya nini tena, mama? Unavuja damu. Weka sahihi uende."

"Fungua, niandike kilichomo."

Hakufungua. Mama Pacha akashika kalamu kwa mkono wa kushoto, akakata neno uzembe, na kwa herufi zilizopinda kama za mtoto wa chekechea akaandika: Kinga iling'olewa. Akatia sahihi.

Msimamizi alisoma, akaichana taratibu vipande vinne, akavitia kwenye kikombe cha chai alichokwisha kunywa. Halafu akavuta rundo la fomu na kuchomoa nyingine. Mama Pacha akaliona rundo lote. Nafasi ya jina ilikuwa tupu kwenye kila karatasi. Uzembe ulikuwa umeshaandikwa.

"Lete zote," alisema. Kalamu hakuiachia.