Mimi wa Miaka Arobaini

Mtu asije akaniambia nilikuwa mzembe. Lile shimo nililipima mwenyewe siku moja kabla, saa sita mchana, kama sisi wa Goma tunavyofanya: niliwasha karatasi, nikaishusha kwa kamba, ikaungua mpaka ikaisha. Moto ukizimika kule chini, ujue mazuku yamo, hewa mbaya inayotoka ardhini na, upepo usipovuma, kulala kwenye mabonde bila harufu. Mtu mzima hupita wima asijue lolote. Mbuzi na watoto ndio huanguka. Moto wangu haukuzimika, nikaridhika.

Tulikuwa tunapiga filamu ya Aubin, jirani yetu, kijana aliyenunua kofia na kuanza kutuamrisha. Ilikuwa ya mashindano ya parokia. Msichana wa miaka kumi na saba anakutana na yeye mwenyewe akiwa na arobaini, juu ya mawe meusi nyuma ya mtaa wa Himbi, karibu na ziwa. Msichana huyo ni mimi, Nshobole. Mama alikuwa amekwenda sokoni Birere kuuza, hivyo nilikuja na mdogo wangu Mapendo, wa miaka minne, na kila Aubin alipoanza kupiga, Mapendo alipita mbele ya simu. Mara ya tatu nikamshika mkono, nikamketisha ndani ya lile shimo na biskuti zake, nikamkataza kutoka mpaka nimwite. Ni mtoto msikivu kuliko mimi. Upepo ulikuwa umelala tangu jioni ya jana yake. Niliona, ila sikufikiri.

Mama Mukamugema, mshonaji aliyepaswa kuwa mimi wa arobaini, alituma ujumbe kwamba anaumwa. Aubin bado ananuna, mwanamke mmoja akapanda kutoka upande wa ziwa, kajifunika kitenge cheusi. Aubin akadhani ametumwa na Mama Mukamugema, akamwonyesha pa kusimama. Yule mwanamke hakuuliza maneno yake ni yapi.

Mimi nilipaswa kumwuliza kama nitakuwa na furaha, naye ajibu kwamba nitakuwa nayo. Nikauliza.

“Mudogo wako ako wapi?” akasema.

Hasira zikanipanda. Mtu anachelewa, kisha anaharibu! Lakini Aubin alipunga mkono tuendelee, akinong'ona kwamba hiyo ni nzuri zaidi, basi nikamwonyesha shimo kwa kidole. Akauliza Mapendo amevaa nini. Nikasema sweta nyekundu. Akaitikia polepole, kama mtu anayekumbushwa kitu alichokuwa ameanza kukisahau.

Alipojifuta uso nikaona kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto. Kimepinda kwenye kiungo cha juu. Changu kilibanwa na mlango nikiwa darasa la pili, na kimepinda hivyohivyo. Nikatazama macho, nikatazama mdomo. Alikuwa na mdomo wa mama yangu, ambao watu wote husema ni wangu. Niliogopa, sitaficha. Hata hivyo nilitaka kujua jambo moja tu, na halikuwa furaha yangu.

“Kwako wewe, Mapendo ako na miaka ngapi?”

Nilihesabu haraka kichwani: ishirini na saba. Pengine ameolewa, pengine ana watoto wanaoniita mama mukubwa. Nilikuwa namsihi kwa macho aseme ishirini na saba.

“Ine,” akasema. “Bado ako na ine.” Minne, ileile aliyokuwa nayo siku hiyo.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mara tu alipofika. Akasema hakuja kuniambia kitu, alikuja kumuona mara moja tena, na miguu ikamkatalia kulikaribia lile shimo.

Nikageuka, nikakimbia juu ya yale mawe makali nikiita jina la mdogo wangu, huku Aubin akipiga kelele kwamba ninaharibu filamu. Mapendo huitika hata akiwa usingizini. Nikaita tena, nikaangalia nyuma ili yule mwanamke aje anisaidie kumtoa. Hakukimbia. Alikuwa amesimama palepale, ameanza kulia kabla yangu.