Harusi Iliyopata Wageni wa Mlimani

Asubuhi ya harusi ya Mirtisi, mama yake, Nikipe, alikuwa akichanganya ufuta na asali kwa ajili ya keki za wageni, na mikono ilikuwa imemnata hadi viwikoni. Mirtisi alikuwa na miaka kumi na miwili. Mume alikuwa Agesi, mwenye mbuzi wengi na meno machache.

Kama kila bibi harusi wa Arkadia, katika Ugiriki ya kale, Mirtisi alipanda Mlima Kilene kumpeleka mwanasesere wake pangoni kwa mabinti wa mlima, miungu wa kike wa msituni, ili waupokee utoto wake. Akamweka juu ya jiwe, akashuka. Alipofika nyumbani, mwanasesere alikuwa ameketi kizingitini. Akampeleka tena, ikawa vilevile.

"Hawamtaki," alimwambia baba yake, Kleoni. "Na mimi, baba, sitaki kwenda."

"Umemweka vibaya tu. Haya, upesi, wapiga filimbi wamefika!"

Adhuhuri mabinti wa mlima wakashuka wenyewe, saba, peku, majani ya msonobari yamewajaa nywelani. Kijiji kizima kikalipuka kwa shangwe! Shangazi wa Mirtisi akawaomba wapanguse miguu kwanza, maana alikuwa ametoka kufagia.

"Huyu bado mtoto," alisema mkubwa wao. "Mwacheni acheze."

"Jamani, sauti hiyo!" alisema Kleoni. "Karibuni keki, mabibi zetu, msione haya."

Hawakula. Mkubwa wao aligusa mkokoteni wa harusi, uliochongwa kwa msonobari, na papo hapo magurudumu yakatoa mizizi, yakazama ardhini. Matawi yakachipua mpaka yakapita paa. Vigelegele! Agesi alicheza hadi kiatu kikamchomoka. Nikipe alilia kwa furaha, kwani hakuna harusi iliyowahi kubarikiwa hivyo. Mirtisi naye alilia, kwa hofu.

"Basi leteni nyumbu," alisema Kleoni.

Mirtisi alishika upindo wa nguo ya shangazi yake. Wakambandua kidole kimoja kimoja, wakampandisha mgongoni mwa nyumbu. Mabinti wa mlima waliwafuata hadi mwisho wa mashamba wakirudia maneno yaleyale, mwacheni acheze, na wapiga filimbi, waliochangamka kupita kiasi, wakayatungia wimbo.

Mwaka uliofuata jirani mmoja, akitamani naye wageni kama wale, alimwoza binti yake wa miaka kumi. Wakaja kumi na wanne, na watu wakakubaliana kwamba harusi hiyo ilifana zaidi.