Shamba la Dannatt Lina Mtu Wake

Kwetu Hagthorpe, shamba huwa na mwenye ardhi na huwa na mtu wa bunduki. Jina la mwenye ardhi utalikuta limechorwa langoni. La mtu wa bunduki halikuandikwa popote, lakini kijiji kizima kinalijua. Ndiye anayeruhusiwa kuingia na kuua sungura, kunguru na njiwa mwitu wanaokula mazao. Halipwi kitu. Nyama huchukua akipenda, na Krismasi ikikaribia hupeleka sungura aliyekwisha chunwa kwenye mlango wa nyuma wa mwenye shamba. Mtu akishaipata ruhusa hiyo, ni yake mpaka ainue mikono au afe. Ukimwendea mwenye shamba kimyakimya, ukaiomba hali mwenzako bado anayo, umetia mkono katika sahani yake. Hakuna sheria inayokataza. Lakini utakunywa bia yako peke yako pembeni ya baa mpaka siku ya kuzikwa.

Mimi nilikuwa na ruhusa za mashamba mawili matatu, na nilizipata kwa adabu. Sikwenda na nguo za madoadoa kama askari wa porini, wala sikubeba bunduki. Nilivaa koti na tai, nikapita mlango wa nyuma, maana wa mbele ni wa kasisi na daktari. Nikazungumza habari za mvua mpaka mwenye shamba mwenyewe akawataja sungura. Asiyejua kungoja ataambiwa, "Asante, tuna mtu."

Lakini shamba nililolitaka hasa ni la Dannatt, na mtu wa shamba la Dannatt alikuwa Sid Odling.

Nililitaka kwa sababu nilizaliwa humo. Baba yangu alikuwa mchunga kondoo wa mzee Dannatt, na tuliishi katika nyumba ndogo ya matofali juu ya mteremko, nyumba iliyokwenda na kazi. Baba alipokufa kwa nimonia kazi iliisha, na nyumba nayo ikaisha. Nilikuwa na miaka tisa. Tulihamia mjini kwa shangazi. Nyumba ilikaa tupu, kisha ikabomolewa, na matofali yakatandazwa kwenye njia ya matrekta. Mimi niliingia kiwanda cha pampu. Jioni nilikwenda shule ya usiku nikasoma hesabu na uchoraji wa mashine, na baadaye historia, kwa kuipenda tu. Nikawa msimamizi. Nilipostaafu nilinunua nyumba Hagthorpe, nyumba isiyokwenda na kazi ya mtu, na hakuna aliyenipa tofali hata moja bure.

Chini ya ule mteremko inapita njia ya umma. Yeyote anaweza kuipita, lakini ukitoka nje yake hata hatua moja umeingia shamba la watu. Kutoka pale nililiona tuta lenye miiba na magugu ya kuwasha mahali nyumba yetu iliposimama, na sungura wakitoka na kuingia kama wapangaji. Niliwahi kusimama pale asubuhi nyingi, na mvua nyingi zimeninyeshea pale. Utasema ningemwomba tu mwenye shamba. Lakini mzee mwenye mvi anayegonga mlango na kusema, "Naomba nikasimame kwenye yale magugu," atahurumiwa, na mimi huruma siitaki. Anayesema, "Nimekuja kwa ajili ya sungura," huyo ni mtu wa kazi. Huyo anaingia kwa haki yake.

Mwaka huo nyonga ya Sid ilimwangusha. Tangu majira ya baridi hakuonekana shambani, na ilipofika Mei nilikwenda kumtazama. Nilimkuta kitini karibu na jiko, fimbo mapajani.

"Karibu, Profesa," alisema bila kuinuka. Ameniita hivyo tangu aliposikia habari za shule ya usiku. "Umekuja kunipima sanduku la kuzikiwa?"

"Sanduku lako litataka fundi wa mabehewa. Nyonga inasemaje?"

"Inasema mvua."

"Nimepita njia ya chini, Sid. Shayiri ya Dannatt imenyolewa. Kuanzia kwenye tuta mpaka katikati ya shamba, kama kichwa cha kuruta."

"Nimesikia."

"Sungura wamejaa."

"Wamejaa, kweli. Ni sungura wangu."

"Sasa, kama ungeniachia lile shamba..."

"Haya, umeanza tena." Aligonga sakafu kwa fimbo. "Niliumwa mafua, ukaja nikuachie. Mke wangu alipofariki ukaja na keki, nikuachie."

"Ile keki ilikuwa ya rambirambi."

"Ilikuwa na zabibu chache mno kwa rambirambi. Sikuachii, Ambrose. Baada ya mavuno nitakuwa mzima."

Sote wawili tulijua hatakuwa mzima. Nilimtilia makaa jikoni nikaenda zangu.

Siku chache baadaye nilikuwa nimesimama kwenye njia ya umma, mahali pangu pa siku zote, Hilary Dannatt akaja na gari lake la shambani. Ni binti wa mzee Dannatt. Alikuwa amefanya kazi mjini miaka mingi, akarudi baba yake alipokufa, na shamba analiendesha vizuri kuliko mzee, ingawa husemi hivyo mbele ya watu. Alishusha kioo.

"Bwana Kettleborough, kesho uje kunywa chai."

Nilikwenda kwa koti na tai, mlango wa nyuma, nikaacha viatu kizingitini. Nilikuwa nimejiandaa kwa habari za mvua. Yeye hakuwa na muda na mvua.

"Nasikia unalenga vizuri," alisema akimimina chai.

"Nalenga vya kutosha."

"Basi chukua shamba langu. Kuanzia leo. Uingie utakapo, utokee utakapo."

Maneno hayo niliwahi kuyasikia kichwani mara nyingi mno, kwanza kwa sauti ya baba yake, kisha kwa sauti yake yeye. Sasa yalikuwa yamesemwa kweli, juu ya meza yenye mkate na siagi. Nilishika kikombe kwa mikono miwili.

"Shamba lina mtu wake, Bi Dannatt."

"Mtu gani? Sid hawezi hata kupanda ngazi ya basi. Wenye mtu ni sungura, mimi sina."

"Bado hajainua mikono."

"Ninyi wazee mna serikali yenu," alisema, lakini bila ubaya. "Sikiliza, mzee wangu. Ruhusa ni ya nani, mimi hainihusu. Inayonihusu ni shayiri. Kama mpaka Jumamosi hakuna mtu kule juu, kuna kampuni itakuja kupiga gesi kwenye mashimo, na nyuma yao buldoza lisawazishe lile tuta."

"Tuta lote?"

"Kwani lina nini? Ni magugu."

Nilihitaji neno moja tu, ndiyo, na jioni hiyohiyo ningekuwa nimesimama nyumbani kwetu. Dirishani mwake niliuona mteremko, na kivuli cha wingu kikiupanda taratibu. Sikukataa kwa wema. Nilitaka nikifika kule juu nisimame wima, na aliyepanda juu ya mgongo wa mwenzake hasimami wima.

"Nipe mpaka Ijumaa," nilisema.

Nilikwenda kwa Sid moja kwa moja. Nilimweleza yote, alichonipa Bi Dannatt, gesi na buldoza. Alinisikiliza huku akitazama moto.

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilimwambia shamba lina mtu wake."

Aliigeuza fimbo mapajani. Kisha akasema, "Mpumbavu wewe," kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema asante.

Hapo likabaki jambo moja ambalo sikuwahi kulifanya. Mtu mwenye ruhusa anaweza kwenda na mgeni. Mgeni hubeba, hutembea nyuma, hupiga akiambiwa apige. Baba yangu alitembea nyuma ya kina Dannatt maisha yake yote, na mimi niliapa kwamba mgongo wa mtu sitaufuata. Niliyasoma yote yale ili nisiufuate.

"Sid," nilisema, "naomba unichukue. Wewe ndiye mwenye ruhusa, mimi nitakuwa mgeni wako. Wewe utakaa langoni, mimi nitapanda."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

"Najua. Hagthorpe nzima inajua, mpaka mbwa wa baa. Nataka nisikie kwa kinywa chako."

Nilitazama mikono yangu. "Nilizaliwa pale."

"Ndiyo," alisema Sid. "Ulizaliwa pale. Na miaka yote hii nangoja uniambie. Unakuja hapa nikuachie, nikuachie, kana kwamba mimi ni mpangaji ninayekawia kuhama. Siku hata moja hukusema, Sid, twende. Ungesema, ningekupeleka kesho yake. Kule juu peke yako kunachosha, ujue."

"Na wewe mbona hukunialika?"

"Nimwalike nani? Wewe, Profesa? Ungetaka kwanza nikuonyeshe cheti changu cha sungura."

Nilicheka, ingawa si sana. Sid alivuta simu akampigia Bi Dannatt mwenyewe. "Mtu wangu anapanda Jumamosi," alimwambia. Neno lile, mtu wangu, lilinichoma, nikalimeza. Alipoweka simu alisema gesi itangoja mpaka baada ya mavuno, na kama shayiri itainuka, huenda isije kabisa.

Jumamosi tuliegesha gari nje ya lango la juu. Sid alikaa kiti cha mbele, kioo chini, darubini shingoni, blanketi magotini, akanipa maagizo kama jemadari.

"Upepo unatoka kushoto. Pita kando ya ua wa miiba. Usikohoe. Ukifika kwenye mti mkubwa wa miiba, lala."

"Nimekuwa nikipiga sungura tangu..."

"Mgeni haongei. Panda."

Nilipanda. Nyasi zilikuwa na umande, na bunduki yangu ya upepo ilikuwa nzito kuliko nilivyoizoea. Nilipofika juu sikulala. Nilisimama.

Nilidhani nikifika tu, mambo yatanijia yenyewe: harufu ya moshi, sauti ya mama akimwita baba chakula kimeiva. Kulikuwa na magugu ya kuwasha mpaka kiunoni, na mashimo ya sungura, na udongo mweupe wa chokaa waliouchimbua. Chini ya magugu mguu wangu uligusa sakafu ya matofali. Nikatafuta msingi wa bomba la moshi, nikaupata. Kwa hiyo jiko lilikuwa hapa, nilijiambia, na kitanda changu nyuma yake. Na mlango? Nikageuka kuutazama mlango ulikoelekea, nikashindwa. Mama alikuwa akisimama mlangoni jioni kumngoja baba, jua likimpiga usoni au mgongoni, sikumbuki. Miaka yote kule chini njiani niliuona mlango ule wazi kabisa. Sasa nilikuwa ndani ya nyumba, na mlango haupo.

Niligeuka tena, polepole, mara huku na mara kule, kama kipofu anayetafuta ukuta. Honi ikalia kule chini. Mikia myeupe ilimetameta kila upande, kisha kimya.

Ndipo nilipolala kwenye nyasi na kungoja. Kazi ni kazi. Walipoanza kutoka tena nilipiga wa kwanza, na baadaye wengine watatu, kwa utulivu, kila mmoja kichwani, kama baba alivyonifundisha hapohapo. Kisha nikawaokota nikateremka.

"Honi ya nini?" nilimwuliza Sid.

"Nilikuona umesimama kama nguzo ya simu. Nikadhani umekufa."

"Uliwatimua wote."

"Umepata wangapi?"

"Wanne."

"Haba. Mimi ningepata kumi, na nyonga hii." Aliwatazama sungura, kisha akanitazama mimi. "Na kule juu?"

"Hakuna kitu. Magugu." Sikutaka kuendelea, lakini nikaendelea. "Sid, nyumba ile, mlango wake ulielekea wapi?"

Alifikiri kwa dhati, kope zikicheza. "Nilipoanza hapa walikuwa wamekwisha ibomoa. Mzee Dannatt angejua."

"Mzee Dannatt amekufa."

"Ndiyo. Na mama yako." Alijifuta pua. "Kuna jiwe refu upande wa miiba, huenda ni kizingiti. Nimejikwaa hapo si mara moja. Lakini trekta limeligeuzageuza, sijui kama litakwambia kitu."

"Sikuliona."

"Utaliona wapi na wewe unazunguka kama kuku? Tutalitafuta Jumatatu. Kesho Jumapili."

"Jumatatu," nilisema.

"Na uwahi. Usiniweke dirishani nikikungoja kama mchumba."

Niliwaweka sungura nyuma ya gari, nikarudi kufunga lango. Nililifunga nikiwa bado upande wa ndani, nikakaa hivyo kidogo, mkono juu ya ubao, uso kwenye mteremko. Kisha ikabidi nilifungue tena ili nitoke. Sid alikuwa akifuta vioo vya darubini yake, akajifanya hakuona.