Barabara Yenye Mashangazi

Fundi alijua kutengeneza kila aina ya jokofu lililowahi kuingia mtaa ule, lakini neno moja lilimshinda kinywani: neno hapana. Ukimwita Ijumaa jioni, anakuja. Ukimwambia jokofu lako limekufa kwa sababu alilishika yeye, anaomba radhi. Ukimletea jokofu lililoungua moto, lina tundu mgongoni na panya ndani, atalitazama, atajifuta mikono na kusema, "Haina shida." Kwa hiyo mtaa ulimwita Hainashida, na alipoitwa hivyo mara ya kwanza alijibu kwamba haina shida.

Mkewe alikuwa mpokezi katika kliniki ya meno. Kutwa nzima aliwakaribisha watu wenye meno mabovu; jioni aliwakaribisha ndugu wa mume, wenye meno mazima. Alikuwa mtulivu, mwenye maneno machache, na kila likizo tangu aolewe alikuwa ameimalizia kwenye godoro la sebuleni mwa ndugu fulani wa Hainashida, akiamka kabla ya mwenye nyumba ili afagie, maana mke aliyeolewa ukooni akikutwa amelala jua limeshapanda, husimuliwa mpaka wajukuu zake waje wausikie usingizi ule.

Kisha likaja gari. Lilikuwa gari la kusambazia mikate. Kiwanda kilipopata magari mapya, hili la zamani kilimwachia Hainashida, ambaye hakulitaka, ila hakusema. Likakaa uani. Mkewe alilizunguka siku kadhaa bila neno, kama mtu anayemtazama ng'ombe wa jirani, hata jioni moja akasema:

"Tulifanye nyumba."

Kaka yake mkewe, ambaye alikuwa mchomeleaji, alikuja na mitambo yake na mdomo wake, na vyote viwili vilifanya kazi bila kupumzika. Wakakata madirisha. Wakaweka kitanda, sinki, jiko dogo la gesi na jokofu ambalo Hainashida alilitengeneza kwa mapenzi hata likawa linagandisha nyanya. Ubavuni palikuwa na maneno makubwa mekundu, MOTO MOTO KILA ASUBUHI, na rangi waliyopaka juu yake haikuyafunika sawasawa. Mke akasema yaachwe, si matusi.

Alichotaka yeye kilikuwa kimoja, na alikisema mara moja tu: kushuka na barabara ya pwani ya kusini mpaka inapoishia, wakiegesha palipo na maji ya kutazama, na asubuhi aamke akitaka, anywe chai yake bila mtu kumuuliza mbona amekonda au mbona amenenepa.

"Nataka mlango niufunge mimi," alisema. "Basi."

"Haina shida," akasema mumewe.

Shida ilikuwepo, na ilikuwa ya kurithi. Babu yake Hainashida alikuwa nyapara wa wajenzi wa barabara ile ile. Kipande kikimalizika, kambi ilihama, na babu alihama na kambi. Familia alizoanzisha kila kambi hazikuhama. Kwa hiyo barabara ambayo wengine waliipima kwa kilomita, ukoo ule uliipima kwa mashangazi: shangazi wa kivukoni, shangazi wa mnara wa taa, ami wa kiwanda cha chumvi, na katikati, penye njia panda, Shangazi Mkubwa, ambaye habari zote za ukoo zilipita mikononi mwake kama barua zinavyopita posta, ila kwake hazikupotea.

Jumapili walitandaza ramani juu ya meza ya jikoni wakaishikilia pembe kwa vikombe. Shemeji mchomeleaji aliteremsha kidole chake cheusi kando ya bahari.

"Hapa pana ufukwe mzuri. Mnaegesha chini ya miti, maji hayo hapo."

"Hapo yupo shangazi," akasema Hainashida.

"Basi mbele kidogo."

"Hapo yupo ami."

"Ami huyo anauma?"

"Haumi. Ana vitanda."

Kidole kikaendelea kushuka, na kila kilipotua kilitua juu ya ndugu. Shemeji akakitoa ramanini, akakitazama kana kwamba chenyewe ndicho kilichokuwa na ukoo.

"Piteni bara, basi. Mwizunguke pwani."

"Bara kuna bahari?" akauliza dada yake.

"Hakuna, dada."

"Basi tungoje ihamie huko, ndiyo twende."

"Au mpite gizani, taa mmezima."

"Polisi watatukamata," akasema Hainashida.

"Mkikamatwa si mtalala kituoni? Huko hakuna shangazi."

"Mkuu wa kituo ni binamu."

Mkewe akavikusanya vikombe, na ramani ikajikunja yenyewe kama iliyoona aibu.

"Kuwapita watu bila salamu ni utovu wa adabu, na mimi silei utovu wa adabu," alisema. "Tutawasalimia mchana. Tutakunywa chai yao, tutacheka, tutaaga. Jioni tutalala kwetu, na kwetu ni ndani ya gari lile. Ni sentensi moja tu, mume wangu. Utawaambia wewe."

"Haina shida."

Dada na kaka walitazamana.

Sentensi ile haikupata nafasi ya kusemwa. Siku ya pili Hainashida alikuwa ameingiza nusu ya mwili ndani ya friza la muuza nyama, simu ikalia mfukoni. Alikuwa Shangazi Mkubwa.

"Mwanangu, nimesikia mnakuja na gari lenye kitanda."

"Ndiyo, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Nikaambiwa eti mtalala humo. Nikasema huo ni uzushi wa watu wasiotupenda. Kwani sisi tumekufa?"

"Hamjafa, Shangazi."

"Tuna maradhi ya kuambukiza?"

"Hamna."

"Basi nimeshapanga. Kivukoni mtalala kwa mdogo wangu, kwangu mtakaa siku mbili, chumvini ami yako amewahamisha watoto chumbani mwao. Mkeo atatusaidia saidia jikoni, anajua kuchambua mboga, namsifu. Imekaaje hiyo?"

Hainashida alifumba macho. Ndani ya friza kulikuwa na baridi, na mbele yake kulikuwa na kichwa cha mbuzi kilichomtazama bila kumsaidia.

"Haina shida, Shangazi."

Alipolieleza jambo hilo nyumbani, alilieleza kwa mzunguko, akianzia kwenye friza. Mkewe hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Aliinuka, akatoka uani, akapanda garini, akashuka na mto wake kwapani.

"Nenda," alisema. "Wasalimie wote."

"Na wewe?"

"Mimi likizo yangu nitalala kitandani kwangu. Nikiikumbuka bahari nitafungua bomba."

"Mke wangu, wale ni wakubwa wangu. Nitawaambiaje?"

"Sijakukataza ndugu zako. Nimechoka kuwa mgeni, ndiyo maneno yangu yote. Ukimpigia ukamwambia tutalala kwetu, naja. Usipomwambia, nenda kavilalie vitanda vyao." Akageuka mlangoni. "Na usije ukasema ni mimi niliyekataa. Harusi ile ya binamu yako uliyoshindwa kwenda, uliwaambia kichwa kinaniuma. Mpaka leo wananiuliza kichwa kinaendeleaje."

Akaingia ndani. Hainashida alibaki uani na nyumba yake ya magurudumu, mtu mwenye nyumba mbili na pa kulala hana, kwa sababu alipojaribu mlango wa chumbani aliukuta umefungwa kwa ndani. Kumbe mkewe alikuwa ameanza likizo mapema.

Shemeji ndiye aliyependekeza mazoezi. Alifika Jumamosi baada ya chakula cha mchana, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akajifunga taulo kichwani.

"Mimi ni Shangazi Mkubwa. Nipigie."

"Sharubu zako zinanivuruga."

"Shangazi kazeeka. Piga."

Hainashida akaweka kiganja sikioni. "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Njooni, vitanda vimetandikwa."

"Ahsante, Shangazi. Nilitaka kukuambia kwamba sisi, tukifika, yaani jioni, tutalala..."

"Wapi, mwanangu?"

"Kwako," akasema Hainashida.

Shemeji akavua taulo, akalitandika kwenye goti lake kwa huzuni.

"Nimekuuliza mimi. Mimi, niliyekula kwako jana, sina hata kitanda cha kukupa. Umenikubalia. Unajua dada yangu kashamwambia daktari wa kliniki yao kwamba wiki ya likizo akihitajika aitwe, atakuwepo?"

"Kasema hivyo?"

"Kasema hivyo. Na akienda kufanya kazi wiki ile, hatakuomba tena safari. Namjua tangu ana meno ya utoto. Anaomba mara moja, kisha anaacha kutaka. Haombi tena, wala hanuni. Anaacha tu."

Hilo lilimwingia Hainashida kuliko baridi ya friza. Ugomvi aliuzoea, ungekwisha kwa kuomba radhi, na kuomba radhi alikuwa fundi wake. Lakini mtu akiacha kutaka, unamwomba radhi ya nini? Alimwona mkewe miaka ijayo, mpole vilevile, akiitikia kila jambo haina shida. Jina lile lingewatosha wawili.

Akaenda dirishani. "Mke wangu, njoo garini. Nampigia."

Mkewe akaja, akaketi ukingoni mwa kitanda bila kuegemea, kama mtu aliyepanda basi asilojua linakokwenda. Shemeji alisimama mlangoni. Hainashida akaweka simu juu ya sinki, akafungua spika. Iliita mara chache.

"Mwanangu! Nilikuwa nawaza niwatandikie shuka zipi."

Nyuma ya sauti ya shangazi kulikuwa na sauti za sahani, redio, na mwanamume aliyekuwa anakohoa kwa starehe.

"Shangazi, kuhusu kulala."

"Eeh."

"Gari letu hatuwezi kuliacha peke yake. Lina gesi."

"Litaingia uani kwangu, geti ni pana."

"Breki zake zinahitaji kuangaliwa kila asubuhi."

"Binamu yako ni fundi breki, yupo hapa hapa ndani, kalala."

"Na usingizi wangu siku hizi, Shangazi, ni wa kukoroma sana."

"Baba yako alikoroma, babu yako alikoroma. Kwetu asiyekoroma ndiye tunayemuuliza katoka wapi."

Sababu zikamwishia. Alizileta zote, na zote zililazwa chini kama watoto. Akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatazama sakafu.

"Hapana, Shangazi," akasema Hainashida.

Neno lilitoka limechubuka, lakini lilitoka. Shemeji aliushika mlango.

"Umesemaje?"

"Hapana. Tutakuja mchana kukusalimia, tutakunywa chai, tutakaa na wewe mpaka jua lipoe. Halafu tutaondoka. Tutalala kwenye gari letu. Kwako, na kivukoni, na chumvini, kote hivyo hivyo."

Redio upande wa pili iliendelea kuimba. Mtu akaambiwa aizime, ikazimwa.

"Ni mkeo aliyekataa?" akauliza Shangazi Mkubwa.

Huo ulikuwa mlango, na ulikuwa wazi. Hainashida angeweza kupita humo kichwa kikiwa chini, kama alivyopita mara nyingi, na upande wa pili angepewa pole. Mkewe aliinua macho kutoka sakafuni.

"Hapana," alisema tena. "Ni mimi. Mimi ndiye sitaki."

"Wewe."

"Mimi, Shangazi."

Shemeji aliinama kuangalia kama simu imekatika. Haikukatika.

"Sema tena," akasema Shangazi Mkubwa.

"Shangazi, sikukusudia kukuvunjia heshima."

"Heshima iache. Lile la kwanza. Sema tena, polepole."

"Hapana, Shangazi. Tutalala kwetu."

"Unaanza na hapana, au unaanza na jina la mtu?"

Hainashida akamtazama mkewe, mkewe akamtazama kaka yake.

"Naanza na hapana."

"Halafu sababu hutoi?"

"Nilizitoa. Ukazijibu."

"Kweli. Kumbe sababu ndizo zinazoharibu." Sauti ya shangazi ilishuka, ikawa karibu sana na simu. "Mwanangu, nyumba yangu iko njia panda. Unajua nina watu wangapi humu? Hata mimi sijui. Walikuja kumtazama jirani alipokuwa mgonjwa. Jirani kapona, karudi kazini, wao bado wapo. Chumbani kwangu wamo wanne. Mimi nalala na magunia ya unga, stoo. Na wewe ulipokubali juzi, nikajiuliza huyu na mkewe nitawaweka wapi, nikasema basi nitawapa stoo."

"Na wewe ungelala wapi, Shangazi?" Aliyeuliza sasa alikuwa mke wa Hainashida.

"Ah, mkwe wangu, upo? Hilo nilikuwa bado nalifikiria. Kichwa kinaendeleaje?"

"Kimepona, Shangazi. Leo hii."

"Alhamdulillahi. Njooni mchana, basi. Chai itakuwepo. Ngoja kwanza."

Hakukata simu, aliiweka mahali tu. Walisikia kandambili zikitembea, mlango ukisukumwa, kisha sauti ya mwanamume aliyeshiba ikiuliza kwa mbali, "Shangazi, jioni tunakula nini?"

"Hapana," ikasema sauti ya Shangazi Mkubwa.

Hata kikohozi kilinyamaza.

"Hapana nini, Shangazi?"

"Bado nafikiria. Ila nimeshaanza."

Ndani ya gari, watu watatu walikaa wakiielekea simu, kama wanaosikiliza taarifa ya habari.