Siku Arobaini za Mtu Mwingine

Fundi wa mabango alikuwa amefika jina la kumi na saba. Mjini walimwita Rula, kwa sababu hakuwahi kuonekana bila rula yake ndefu ya mbao, na wapo waliosema hata kitandani hulala amenyooka. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika ukutani, ndani ya ukumbi wa shule ya wavulana ya mapadre, majina ya wanafunzi wa zamani waliopata kujulikana: askofu mmoja, madaktari, mabalozi, mtunzi wa nyimbo za kwaya, na mchezaji mpira mmoja ambaye mapadre walimfukuza kwa utoro na sasa walimkumbuka kwa mapenzi makubwa. Jubilei ilibaki siku nne. Chini ya kila jina ulikuja mstari mmoja wa sifa kwa herufi ndogo, na mstari huo kila mheshimiwa alijitungia mwenyewe. Hapo ndipo mapadre walipokosea. Mpe mtu ukuta umwambie ajisifu, halafu uone kama atakosa la kusema.

Rula naye aliwahi kusoma hapo, miaka miwili tu. Padre mkuu wa shule, aliyezaliwa baadaye sana, hakulijua hilo, na Rula hakuona haja ya kumwambia. Alipiga mstari kwa uzi wenye chaki, akatazama karatasi ya majina aliyoibandika kwenye ngazi. La kumi na nane lilikuwa la Jaji. Chini yake palikuwa pameandikwa: "Aliyebeba adhabu ya rafiki yake, akanyamaza."

Alisoma mara mbili. Akashuka ngazi, akakaa juu ya kopo la rangi, akasoma mara ya tatu.

Ukweli wa jambo hili ni mfupi, na uliwahusu watu wawili tu. Jaji na Rula walikaa dawati moja kidato cha pili, wote watumikiaji wa misa. Jumamosi moja Jaji, ambaye siku hizo walimwita Wakili kwa ajili ya mdomo wake, aliingia sakristia akanywa divai ya misa nusu chupa, na chupa yenyewe ikamponyoka ikavunjika. Padre mlezi aliwapanga watumikiaji wote mstari mmoja. Wakili alikuwa akinong'ona kwamba baba yake atamuua. Rula akatoka mstarini akasema ni yeye. Ukimuuliza leo kwa nini, hana jibu la maana. Alikuwa na miaka kumi na mitano, na yule alikuwa rafiki yake.

Adhabu ilikuwa siku arobaini za kusugua sakafu ya kanisa la shule kwa brashi na sabuni, kwa magoti, kabla ya sala ya asubuhi. Sakafu ilikuwa ya saruji, tena saruji ya mafundi wasiolipwa vizuri, inayochubua kama msasa. Alizimaliza zote arobaini. Lakini parokia iliyokuwa ikimlipia karo ilipata habari kwamba inamsomesha mwizi wa divai, ikaona heri imsaidie mtoto mwingine. Muhula ulipokwisha, Rula alibeba sanduku lake. Wakili alimsindikiza hadi getini, akamwapisha kwamba hatamtaja kwa mtu yeyote. Na yeye mwenyewe, bila kuombwa, aliapa pia: "Siku nikiwa mtu, nitausema ukweli huu mbele ya watu."

Rula alikitunza kiapo chake. Aliisimulia habari hiyo nyumbani, ndiyo, kwa marehemu mkewe na kwa binti yao wa pekee, lakini huyo rafiki alibaki "rafiki yangu mmoja" tu, hana jina. Binti alipokuwa mdogo aliipenda kuliko hadithi zote za sungura. Aliwatambia wenzake shuleni, akiwauliza ni baba zao wangapi wangeweza. Mzee hakuwa na nyumba kubwa wala gari, lakini alikuwa na hilo, na lilimtosha.

Sasa binti alikuwa mtu mzima, anachapa kwenye duka la uchapishaji lililopewa kazi ya kitabu cha jubilei. Jioni ileile alirudi akaweka mkoba mezani, asikivue hata kitambaa cha kichwani.

"Baba, ile hadithi yako ya siku arobaini, uliisoma wapi?"

"Niliisoma? Nani kakwambia niliisoma?"

"Nimeichapa leo. Kurasa tatu, ya yule Jaji. Divai, padre mlezi, kusugua kanisa, kila kitu. Ila aliyesugua ni yeye."

"Na rafiki yake?"

"Anasema aliondoka shule muhula uleule. Anasema hamtaji jina, kwa heshima."

Rula alicheka, na kicheko kile hakikuwa kizuri kukisikia. "Heshima! Mwanangu, huyo rafiki ndiye mimi, na mnywaji wa divai ndiye yeye. Amezibadilisha nguo zetu tu."

Binti alikunjakunja ukingo wa kitambaa cha meza. Kisha akasema polepole, "Nilipita pale kanisani mchana, kumpelekea padre karatasi. Sakafu ni ya vigae, Baba. Vyekundu. Na Jaji ameandika vigae vyekundu. Wewe siku zote ulisema saruji."

"Ilikuwa saruji."

"Haya, Baba."

Alilisema kwa sauti ile ya dukani, ya kumwitikia mteja anayeng'ang'ania kwamba kosa lake si kosa. Akaingia jikoni. Rula alibaki mezani. Angeweza kumtafuta mtu wa zamani, mpishi au mtunza bustani, amuulize mbele ya binti. Wazo hilo lilimjia akalifukuza kwa hasira. Mtu mzima azunguke na mashahidi kumthibitishia mtoto aliyemlea kwa mikono yake? Alikuwa na kichwa kigumu, mzee huyu, na kiburi cha maskini, ambacho ni kikali kuliko cha tajiri kwa kuwa hakina kitu kingine cha kushikilia.

Kesho yake asubuhi aliandika jina la Jaji, zuri kabisa, herufi zimesimama kama askari. Mstari wa chini akauacha mtupu. Kwenye saa nne Jaji mwenyewe akaja kutazama nafasi yake ukutani, amevaa suti, tumbo limetangulia. Nyuma yake akaingia binti na kurasa za majaribio, maana Jaji alitakiwa kuzisoma na kutia sahihi kabla kitabu hakijachapishwa.

Jaji alimtambua Rula mara moja. Hilo lilionekana. Macho yalimtua usoni, yakahamia ukutani.

"Ndugu yangu!" akasema, akamkumbatia, rangi na yote. "Dunia ndogo hii. Kumbe ndio kazi yako? Mkono wako safi sana."

"Mheshimiwa," Rula akasema.

"Huyu ni baba yangu," binti akasema.

"Baba yako?" Jaji akatabasamu, sasa akizungumza na binti kama anavyozungumza mtu aliyezoea kusikilizwa. "Baba yako alikuwa kijana mzuri. Makosa ya utoto kila mtu anayo. Mimi sijawahi kumlaumu, hata siku moja."

Loo! Mtu akikuibia ng'ombe ni mwizi, lakini huyu amemwiba ng'ombe na sasa anamsamehe mwenye ng'ombe kwa kupotelewa. Alimtazama binti. Binti alikuwa ameinamisha uso, ana haya, na haya hiyo ilikuwa kwa ajili ya baba yake. Rula aliiona, na ilimchoma kuliko maneno ya Jaji.

Jaji aliona kimya kimemwelemea kila mtu, akakiondoa kwa kujisifu, maana ndivyo alivyozoea. "Umeingia kanisani, mwanangu? Umeviona vile vigae? Ni zawadi ya marehemu baba yangu. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Alivitoa vyote bure, nilipokuwa kidato cha nne. Kabla ya hapo palikuwa saruji tupu, ukipiga magoti unachubuka."

Binti aliinua uso. Alikuwa na kurasa mkononi, na macho yake ya kazi yakaenda yenyewe penye mstari.

"Mheshimiwa, hapa umeandika kwamba ulipewa adhabu kidato cha pili," akasema. "Na kwamba kwa siku arobaini ulisugua vigae vyekundu."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Jaji alikuwa ameitembea miaka mingi bila kufika mwisho, akadhani haina mwisho. Mtu huyu alikuwa amewabana mashahidi wangapi kizimbani kwa neno moja tu lililokataa kukaa na lingine! Ilikuwa wazi kwamba alishaisimulia hadithi ile mara nyingi sana, kwa watoto wake, kwa wageni mezani, hata yeye mwenyewe akawa anajiona yuko pale amepiga magoti, juu ya sakafu anayoijua, sakafu ya miaka yake iliyobaki shuleni. Aliyepiga magoti kweli hakuwahi kukiona kigae hata kimoja.

"Uliapa," Jaji akamwambia Rula, chinichini.

"Niliapa kutosema. Sikuapa kukupa siku zangu."

Jaji akatoa kalamu mfukoni. Kwa dakika nzima Rula aliamini, jamani, kwamba mtu yule atazifuta kurasa zile tatu. Moyo wake ulimngojea rafiki wa dawatini atoke mstarini, baada ya miaka yote hiyo. Jaji akaziweka kurasa juu ya ngazi, akatafuta mahali, akaandika kwa herufi nadhifu, akamrudishia binti.

"Palipoandikwa vigae, weka saruji," akasema. "Na hapo ukutani, fundi, andika kama ilivyo kwenye karatasi." Akatia sahihi, akatazama saa yake, akaondoka.

Hakika kikulacho ki nguoni mwako. Rula alikwenda ofisini kwa padre mkuu, akamwambia kwamba jina ameliandika, lakini sifa ile itafutiwe mkono mwingine, na kama hawatamlipa ukuta mzima wasimlipe. Padre alishangaa, hakuuliza. Aliporudi ukumbini alimkuta binti yake bado amesimama palepale, kurasa amezikunja mara mbili.

"Baba, nisamehe," akasema, na machozi yalikuwa karibu. "Sasa nakuamini."

Haya ndiyo maneno aliyoyasubiri tangu jana, na yalipokuja hayakumsaidia kitu. Jaji alikuwa amemwibia, naam, lakini Jaji alimtupa getini tangu zamani, na jeraha lile alilijua kama anavyoijua njia ya kwao. Huyu alikuwa mtoto wake, aliyemfunza yeye mwenyewe kutembea. Na huyu alitaka kwanza mwizi ateleze ulimi ndipo amwamini.

"Na kama asingevisifu vigae vya baba yake, mwanangu?" akauliza. "Ungekuwa unaniita nani leo?"

Rula alisimama na brashi mkononi akingoja jibu, mpaka rangi ikakaukia kwenye nywele za brashi.