Msukuma wa Shuka-Usukume

Ngo. Ngo. Ngo.

Fimbo iligonga sakafu ya saruji ndani ya nyumba, ikaja polepole kuelekea mlangoni. Manyanda, aliyesimama uani na kofia ngumu mkononi, akajua kwamba mwenye safari ameamka zamani. Mlango ulikuwa bado umefungwa na taa haijawashwa. Lakini huo haukuwa mwendo wa mtu anayejikongoja kwenda chooni. Ulikuwa mwendo wa mtu anayeondoka.

"Manyanda," sauti ikatoka ndani, "umekuja na mafuta ya kutosha, au umekuja na maneno yako tu?"

"Vyote viwili, mama."

Mlango ukafunguka. Mama Generosa alikuwa amevaa tayari, kitambaa kimekazwa kichwani, vitenge viwili begani na kifurushi cha mbegu za maharage mkononi. Nyuma yake alisimama binti yake Scola, uso umekunjamana kama wa mtu aliyebishana usiku kucha akashindwa. Scola alimwambia Manyanda neno moja tu, kwamba mama yake akirudi na jeraha lolote, yeye dereva asipite tena mtaa huo wa Makanyagio hata kwa miguu. Manyanda akaitikia. Angefanya nini? Mwenye mama ana haki ya kuongea.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwezi wa tatu, Mama Generosa aliteleza kisimani huko kwao Kasangala, juu mlimani, upande wa njia ya kwenda Karema, akavunjika mguu wa kulia. Wanaume wanne walimshusha kwa machela mpaka barabarani, gari likamleta Mpanda, mguu ukaungwa kwa chuma. Miezi minane alikaa kwa Scola. Daktari alimruhusu kutembea tambarare kwa fimbo na kupanda chombo, ila kukwea mlima kwa miguu alimkataza kabisa.

Basi si abebwe tena kwa machela? Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Kwao Kasangala, machela humshusha mgonjwa. Anayepandishwa kwa machela ni maiti anayerudishwa kuzikwa kwao. Mama Generosa alisema alishuka akiwa hai na atapanda akiwa hai, amekaa, macho mbele. Na muda ulikuwa umekwisha. Mawingu ya kwanza yalishaanza kujikusanya, na mvua ikinyesha njia ile huwa mfereji mpaka mwezi wa tano. Mumewe, mzee Felisiani, alishatuma ujumbe: kama mke wake hatafika kabla ya mvua, atamwachia ndugu shamba, afunge nyumba, ashuke wakazeekee mjini. Mama Generosa alimjua mumewe kwa miaka arobaini. Mtu yule akikalishwa kwenye kiti cha plastiki barazani, bila jembe, hatamaliza mwaka.

Kwa hiyo ilikuwa leo, au nyumba ife.

Njia hiyo madereva wa bodaboda waliipa jina: Shuka-Usukume. Hakuna aliyewahi kuimaliza na abiria. Ukifika kwenye jiwe kubwa la katikati, abiria anashuka, wewe unashuka, mnasukuma. Manyanda alipotangaza kijiweni kwamba atampandisha Mama Generosa mpaka mlangoni kwake bila kushuka, Danford, mwenye mdomo kuliko wote, alicheka mpaka akashika pikipiki yake isianguke.

"Wenzako tunasukuma kwa shida," alisema, "wewe kusukuma kumo kwenye kabila. Msukuma gani anaogopa kusukuma?"

Kijiwe kizima kikalipuka. Utani huo Manyanda ameusikia tangu akiwa mtoto, tangu baba yake alipohamia Katavi na ng'ombe wake kutoka Usukumani, na kila mara ulimuunguza upya. Akasimama juu ya benchi akaapa mbele ya wote: siku watakayosikia amesukuma pikipiki, jina lake liwe Mkokoteni.

Na hakuapa kizembe. Pikipiki yake haikuwa kama zao. Ilikuwa nyepesi, ndefu miguu, matairi ya meno, aliyoinunua kwa bwana mifugo mmoja aliyestaafu. Aliibadilisha spoketi ya nyuma, ile inayovutwa na mnyororo, akaweka yenye meno mengi, ipande kwa nguvu hata kama itakuwa nzito kwa mbio. Mara tatu aliipanda Shuka-Usukume peke yake, na mara zote tatu alifika juu hajaweka mguu chini. Jiwe kwa jiwe aliijua njia ile, kama mtu anavyojua meno yake kwa ulimi.

Walipofika chini ya mlima jua lilikuwa limeshatoka, na miombo ilikuwa imevaa majani yake mapya mekundu. Manyanda akapunguza upepo matairini ili yashike mawe. Akachukua kitenge kimoja, akaeleza kwamba itabidi amfunge mama kiunoni, akizungushe na kwake mwenyewe, wasitenganishwe na mtikisiko.

"Kama mbeleko," alisema Mama Generosa.

"Kama mbeleko."

"Basi nifunge mimi. Nimezaa sita, sijafundishwa mbeleko na mwanaume." Akakaza fundo mpaka Manyanda akakohoa. "Sasa tujue nani amembeba nani."

Wakaanza. Njia ilikuwa na upana wa mkeka, kulia ukuta wa mwamba, kushoto bonde. Manyanda alikaza miguu kwenye vikanyagio, gia ya kwanza, mafuta kidogo kidogo, macho hayatazami gurudumu ila kule anakotaka gurudumu lifike. Mizizi ikapita, korongo la kwanza likapita, kona ya mchongoma ikapita. Nyuma yake mama hakupiga kelele wala hakumwomba Mungu kwa sauti. Alikuwa akitaja tu: hapa tulikuwa tunapumzisha mizigo, hapa nilimwona chui, hapa Felisiani alinitongoza akashindwa, ikabidi nimsaidie. Manyanda alicheka, na kicheko kikampa imani. Akaanza hata kupanga maneno atakayomwambia Danford.

Kisha wakafika kwenye jiwe.

Jiwe lile ni bamba moja refu, kama paa la nyumba lililolazwa mlimani, hatua sitini hivi, na juu yake changarawe inayotembea. Juu kabisa walisimama watu wawili: mzee Felisiani, kofia mkononi, na Kalisti, mtoto wa dada yake, ambaye naye ni dereva wa kijiwe cha Manyanda. Moyo wa Manyanda ukajaa. Shahidi yupo. Akaongeza mafuta akaliingia jiwe kwa hasira.

Peke yake, jiwe lile lilimkubali. Lakini hakuwa peke yake. Uzito wa mama ulikaa nyuma, na katikati ya bamba gurudumu la mbele likanyanyuka kama ng'ombe dume anayekataa kamba. Manyanda akalala juu ya usukani. Gurudumu likashuka, la nyuma likateleza, wakarudi chini nyumanyuma, mguu wake wa kulia ukikwaruza mwamba mpaka wakasimama.

Alikuwa ameweka mguu chini. Hilo halikuhesabiwa, alijiambia. Akajaribu tena, kwa kasi zaidi. Safari hii walifika mbali zaidi, na waliteleza vibaya zaidi; jiwe moja likaruka kutoka chini ya tairi likaingia bondeni, na Manyanda akalisikiliza lianguke, asisikie kitu.

Akashika klachi ajaribu mara ya tatu.

"Ngoja," alisema Mama Generosa. Sauti yake ilikuwa karibu na sikio lake, imetulia. "Mara tatu ulizopita hapa, ulikuwa na nani?"

"Peke yangu, mama."

"Ndiyo. Na sasa bado unaendesha kama mtu aliye peke yake."

Kutoka juu, Kalisti alipaza sauti kwamba wasihangaike, machela ipo, wameikata jana, waje tu wamchukue. Manyanda akahisi mikono ya mama ikilegea kiunoni mwake. Haikuwa imelegea hivyo hata walipokuwa wanateleza.

"Nigeuze," alisema polepole. "Nirudishe kwa Scola."

Manyanda alitazama juu, akamwona mzee Felisiani. Mzee hakuwa akiitazama pikipiki wala machela. Alikuwa ameiweka kofia yake kifuani kwa mikono miwili, kama mtu anayesubiri kuambiwa jambo la msibani. Kalisti alikuwa pembeni yake, na midomo ya Kalisti ilishajua hadithi itakayosimuliwa kijiweni kesho. Mkokoteni. Neno hilo lilimkwama Manyanda kooni, akalimeza, nalo likashuka kama kidonge kisicho na maji.

Mama hawezi kukwea. Pikipiki haiwezi kuwabeba wote wawili. Pembeni hapana nafasi ya mtu kutembea na kushika usukani. Aliyabeba mambo hayo matatu kichwani, akayageuza, na yakampa jibu moja tu.

"Mama, umewahi kuendesha baiskeli?"

"Kabla hujazaliwa. Ya baba yangu, Karema kule. Wasichana wengine waliogopa."

"Basi fungua mbeleko."

Akashuka. Akamsogeza mama mbele, akamwekea mikono kwenye usukani, akamweleza. Huu wa kushoto ni klachi, uuachie polepole kama unavyomshusha mtoto aliyelala. Huu wa kulia ni mafuta, kidogo tu, mtekenye tu. Ukiogopa, kamata klachi, mimi nipo nyuma, hutarudi hata shibiri. Mama Generosa alisikiliza akiwa amekunja uso, kisha akauliza yeye Manyanda atafanya nini.

Manyanda akaenda nyuma, akaweka bega kwenye keria, akachimbia vidole vya miguu kwenye ufa wa mwamba.

"Mimi nitasukuma," alisema, kwa sauti ya kutosha kufika juu.

Mara ya kwanza mama alipotekenya mafuta, alitekenya kama mtu anayekamua nguo, na changarawe ikamjaa Manyanda mdomoni. Akatema, akarudisha bega. Mara ya pili injini ikanguruma vizuri, tairi likauma jiwe, na pikipiki, iliyopungukiwa uzito wa kijana mmoja na majivuno yake, ikaanza kupanda. Hatua kumi. Ishirini. Paja la Manyanda liliwaka. Mama Generosa, macho mbele, akaanza kuimba kwa mwendo wa watu wanaolima pamoja, maneno akiyatunga papo hapo:

*Sukuma, Msukuma,*
*usitazame nyuma.*

Na Manyanda akasikia ajabu moja. Neno lile lile lililomuunguza tangu utoto lilikuwa limeingia miguuni mwake. Halikuwa tusi wala utani. Lilikuwa kazi, na kazi ilikuwa yake. Akaitikia kwa pumzi iliyobaki, "Sukuma," naye akasukuma.

Hatua arobaini. Hapo gurudumu la mbele likayumba kuelekea bondeni, na kabla Manyanda hajasema kitu mama alilirudisha mwenyewe, kama msichana wa Karema kwenye baiskeli ya baba yake. Hamsini. Kalisti alikuwa ameshashuka kuwalaki, akashika keria upande mmoja bila kuombwa, na mabega yakawa mawili. Sitini.

Pikipiki ikatokeza juu penye tambarare. Mama Generosa hakuwa ameambiwa habari za breki. Ilikwenda moja kwa moja kwa mzee Felisiani, naye hakukwepa. Mama akaachia vyote kwa pamoja; injini ikakohoa, ikaruka kidogo, ikazima, gurudumu la mbele likiwa shibiri moja kutoka kwenye magoti ya mumewe. Kalisti na Manyanda wakaiwahi isianguke.

Mzee akamtazama mkewe kwenye usukani.

"Umejifunza lini?" aliuliza.

"Hapo chini. Shamba la maharage umelilima au ulikuwa unanisubiri mimi?"

Felisiani akavaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Kisha akageuka upande mwingine, akasingizia vumbi kwa hali ya macho yake. Mama Generosa aliomba fimbo yake iliyofungwa ubavuni mwa pikipiki, akashuka, akapiga hatua mpaka ilipokuwa machela. Akaigonga mara moja, ngo, akasema hizo ni fito nzuri, wakazifanye kibanda cha kuku.

Manyanda alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye mti, anatema mchanga. Kalisti akachuchumaa mbele yake.

"Kwa hiyo kesho kijiweni," alisema, "tukuiteje?"

"Mkokoteni," alisema Manyanda. "Niliapa. Ila umwambie Danford kwamba mkokoteni huu umefika."

Kalisti akacheka, akampa maji.

Njia ya nyumbani ilikuwa tambarare yote kutoka pale. Walimsindikiza mama mpaka mlangoni, akitembea kwa miguu yake, mumewe pembeni bila kumshika. Kizingitini akasimama, kana kwamba amekumbuka kitu. Daktari alitaka kuuona ule mguu tena mwezi wa sita, mvua zikiisha. Hakulitazama bonde, lakini sauti yake ilipungua kidogo alipouliza nani atamshusha, na zaidi ya hapo, nani atampandisha.

Manyanda alivua kofia ngumu. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa vumbi, na bega la kulia lilikuwa limechorwa alama ya keria. Alimwita kwa jina ambalo hakuwahi kumwita mwanamke mwingine yeyote ila aliyemzaa, kwa lugha ya kwao.

"Mimi, mayu," alisema. "Mwezi wa sita nitakuja mwenyewe. Penye kupanda nitapanda, na pale kwenye jiwe nitashuka, nitasukuma mpaka ufike."